Kapumzika Alhamisi

Nyumba ya Jayanti iko nyuma ya barabara kuu ya Kingsbury, hatua chache kutoka duka la viungo alilolikalia mpaka magoti yakamshinda. Nilikuwa sijawahi kuiingia. Miaka arobaini na kitu tumeishi mji mmoja, yeye Kingsbury na mimi Hounslow, na nyumba yake naiingia siku ya tatu baada ya maiti yake kuchomwa, navua viatu mlangoni katikati ya viatu vya watu nisiowajua, mkononi nina sahani ya tende niliyoifunika vizuri mno, kama mtu anayekuja kuomba kazi. Sebuleni viti vilikuwa vimeondolewa na sakafu imetandikwa mashuka meupe. Wanawake wamekaa chini wanaimba nyimbo zao za dini kwa sauti ndogo, na ukutani Jayanti ananitazama kutoka kwenye picha iliyovishwa shada la maua, amenenepa, ana miwani, mzee. Sikumjua mzee yule. Niliyemjua mimi alikuwa na miaka ishirini na sita, mikono imejaa grisi, anakula wali mbiombio asije akaitwa kwenye injini. Binti yake alinisalimu kwa Kiingereza. Nilimjibu kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza tena kwamba mama yuko jikoni na amekuwa akiuliza kama nitakuja.

Mkewe, Kusum, ni mzaliwa wa Wete, na miaka yote ya London haikumtoa Pemba mdomoni. Nilikuwa nimekutana naye mara mbili tu, zote sokoni Southall, na zote mbili niligeuza njia. Jikoni mwake hapakuwa na moto, kwa sababu kwao nyumba yenye msiba haipiki, chakula huletwa na jirani. Masufuria ya watu yalikuwa yamepangwa juu ya jiko baridi, na pembeni birika la umeme linanguruma. Alinivutia kiti. Hakulia, wala hakunipa nafasi ya kutoa maneno ya pole niliyokuwa nimeyapanga ndani ya basi.

"Zuhura," alisema, "mie n'na suali moja tu, na leo utan'jibu. Marehemu alikukosea nini?"

"Hajakwambia?"

"Kanambia yake. Mie nataka yako."

Yangu nimeisimulia mara nyingi, kwa marafiki, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa mume niliyeachana naye baadaye. Nimeisimulia mpaka imelainika kama shuka la zamani. Nitaiandika hapa kwanza jinsi nilivyozoea kuisimulia, halafu nitaisahihisha, maana ndivyo nilivyomfanyia Kusum pale jikoni, na kama mjane mwenyewe alistahimili kuisikiliza, wewe msomaji pia utastahimili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa na pasi ya nchi isiyokuwapo. Nilikuwa nimekuja London kusomea uuguzi wiki chache kabla ya mapinduzi ya Unguja, na dola iliyonipa pasi ile ilikwisha kabla haijaisha sabuni niliyokuja nayo. Uuguzi ulinishinda, nikawa mpishi wa daktari mstaafu na mkewe, Bi Helen, katika nyumba kubwa yenye baridi karibu na mto. Kule Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, walikuwa wamenipa karatasi ya kusafiria ambayo kila afisa aliyeishika aliigeuza juu chini kabla ya kuniuliza mimi ni mtu wa wapi hasa. Daktari na Bi Helen walikuwa na yoti, chombo cha matanga chenye injini ndogo tumboni, na mwaka ule waliamua kuvuka nayo bahari kubwa wakapitishe majira ya baridi katika visiwa vya Karibi. Wakanitaka niende nao kupika. Siku ya kwanza niliyopelekwa kuliona jiko, nilimsikia mtu chini ya sakafu akiitukana injini kwa Kiswahili cha Darajani, matusi ya kwetu kabisa, ambayo nilikuwa sijayasikia kwa miaka tisa. Niliinama nikamuuliza, "Kwani ina masikio hiyo?" Akatoa kichwa, Mhindi mwembamba mwenye doa la mafuta puani, akasema, "Masikio inayo, dada. Haina adabu." Huyo ndiye Jayanti, fundi waliyemwajiri kwa safari. Nilifurahi siku hiyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Jiko la chomboni lilikuwa na upana wa kabati. Nilipika nimejifunga mkanda kiunoni nisirushwe, na sufuria nazo zimebanwa kwa vyuma zisiruke. Jayanti hakuwa akila nyama wala samaki wala yai, kwa hiyo nilimtengea sufuria yake ndogo ya bluu, na hata siku bahari ilipochafuka sikuichanganya na nyingine. Alikuwa akija kukaa kwenye ngazi ya jiko, sahani magotini, tunazungumza mitaa. Tulikwenda mtaa kwa mtaa, nani alikuwa akiuza nini, nani aligombana na nani kwa ajili ya mfereji wa maji. Yeye ana pasi ya Kiingereza, mimi nina karatasi ya Croydon, na wote wawili tumekaa kwenye ngazi moja tunabishana kama duka la juisi lilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Sasa nikikumbuka naona kwamba hakuna mtu mwingine, kabla yake wala baada yake, niliyeishi naye Unguja kwa namna ile.

Katika visiwa vya Kanari, tulikosimama kujaza maji, palikuwa na barua ya kaka yangu Suleiman. Aliandika kwamba mama anaumwa. "Kifua kimembana, hapumziki usiku wala mchana. Tumemkalisha kitako na mito mitatu. Anakutaja." Nilimsomea Jayanti, kisha nikamfasiria Daktari. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache lakini mwema. Alisema hapo tulipo hapana njia, ila tukifika kisiwa cha ng'ambo atanitafutia kibali nishuke, nipande ndege mpaka London, na London atazungumza na watu niombewe ruhusa ya kuingia nyumbani. Tukatuma telegramu kumpa Suleiman anwani ya posta ya kisiwani. Siku ishirini na tano tulizokuwa baharini sikuwaza kitu kingine. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mama kwa mawimbi, na kila nilipopika nilijiambia kwamba bado yu hai, maana hapajakuja mtu wa kuniambia vinginevyo.

Kisiwa chenyewe sikitaji, kwa sababu siwezi kudai kwamba nakijua. Nilikiona upande mmoja tu. Tulitia nanga ndani ya ghuba ya duara, vilima vyake vimejaa miti mpaka majini, na hata kabla mnyororo haujatulia nilinusa kungumanga, harufu ya mashamba ya kwetu. Niliona pia shelisheli, mti mzima umeinama kwa matunda, umesimama nyuma ya kanisa dogo. Nililia, naandika hivyo bila aibu. Daktari alipandisha bendera ya manjano, yaani chombo ni kigeni na hakuna ruhusa ya mtu kushuka, na mchana afisa wa uhamiaji akaja na mashua yake. Alikuwa kijana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi. Aligonga mihuri pasi tatu, akafika kwenye karatasi yangu, akaigeuza juu chini. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hana mamlaka ya kumshusha mtu mwenye karatasi kama hii, itabidi aandike makao makuu, na mpaka jibu lije mimi nibaki chomboni. Kwa hiyo wenzangu walishuka, na mimi nikabaki natazama nchi iliyokuwa mbali nami kama umbali wa kutoka mlango wangu mpaka kituo cha basi.

Nilibaki hivyo siku kumi na nne. Vyombo vingine vilikuwapo, Wafaransa, Wajerumani, Wamarekani, kila kimoja kimefungua mwavuli wake wa turubai, na asubuhi watu wakiitana kutoka chombo hadi chombo. Mama mmoja wa kisiwani, Bi Ione, alikuwa akipita na mashua yake ndogo akiuza ndimu, ndizi na nazi, na alipoambiwa kwamba mimi siruhusiwi kushuka alikasirika kwa niaba yangu kuliko nilivyokasirika mwenyewe. Alisema nafanana na binti wa shangazi yake. Aliniletea shelisheli, nikalichoma juu ya moto wa gesi likanitoa machozi kwa moshi, tukala mimi na Jayanti kwa chumvi na pilipili. Kila siku ya pili Jayanti alipiga makasia kwenye kihori mpaka gati, akaenda posta kuniulizia. Nilikuwa namwona akirudi, na nilijifunza kusoma mgongo wake. Mgongo ukiwa umenyooka, hakuna barua.

Siku ya tisa mgongo wake ulikuwa umeinama. Alifika ubavuni, akashika ukingo wa chombo, lakini hakupanda. Akaninyooshea karatasi hali amekaa. Ilikuwa telegramu, imefunguliwa, na ndani yake maneno manne: MAMA KAPUMZIKA ALHAMISI SULEIMAN. Nilisoma nikaona ile barua ya Kanari, hapumziki usiku wala mchana, na sasa kapumzika. Kifua kimeachia, analala. Nikamwambia Jayanti, "Kapumzika. Si habari njema?" Yeye akatazama kamba ya kihori, akaitazama sana, halafu akasema, "Njema, dada."

Nikapika vitumbua. Bi Ione aliniletea nazi, Bi Helen akanitafutia unga wa mchele mjini, iliki nilikuwa nayo yangu. Chuma cha vitumbua sikuwa nacho, lakini Bi Helen alikuwa na kikaango cha kuchemshia mayai chenye vishimo vinne, na vitumbua vilitoka humo vikubwa, vimeumuka, vya kupendeza. Nilipika kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kisha Jayanti akapiga makasia, mimi nimekaa mbele na bakuli mapajani, tukazunguka ghuba nzima, chombo kimoja baada ya kingine, nikiwagawia watu nisiowajua na kuwaambia kwamba mama yangu alikuwa mgonjwa na sasa hajambo. Wajerumani walinipigia makofi. Mzee mmoja wa Kifaransa alinibusu mkono. Jayanti hakula hata kimoja, alisema siku hiyo anafunga.

Siku tano baadaye afisa alirudi na kibali changu, kimepigwa muhuri, ana furaha usoni kwa kuwa ameniletea kitu. Nikamwambia sihitaji tena, mama amepona, nitakwenda nyumbani mwakani nikiwa nimejipanga. Akakikunja, akakitia mfukoni. Kesho yake tukang'oa nanga kwenda visiwa vingine, na huko pia sikushuka. Tuliporudi London ilikuwa karibu na kiangazi, na mwenye nyumba wangu wa Hounslow alinipa barua tatu za Suleiman alizonitunzia. Ya kwanza inaeleza mazishi. Ya pili inauliza mbona sijatia hata neno. Ya tatu inasema arobaini imesomwa, watu walikuja wengi, na wote waliuliza Zuhura yuko wapi. Sikuvua koti. Nilitoka nikapanda basi mpaka Kingsbury, nikagonga chumba alichopanga Jayanti, nikamwonyesha barua.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu posta. Mtu akipona hawaandiki Alhamisi."

Nikamwambia ameniibia maiti ya mama yangu. Nikamwambia kwamba kibali kilikuja, ningeshuka, ningepanda ndege, na hata kama mazishi yangenipita ningeiwahi arobaini, ningekaa na ndugu zangu siku moja. Alisimama mlangoni na soksi, hakujitetea. Baada ya hapo alikuja Hounslow mara tatu katika miaka ile, mara ya mwisho amekwishaoa. Kila mara nilimwona kutoka dirishani, na kila mara sikufungua.

Hiyo ndiyo hadithi yangu, na Kusum aliisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo alivyonambia na yeye," alisema. "Neno kwa neno. Basi ni kweli alikudhulumu." Alilisema bila hasira, kama mtu anayefunga daftari, na nadhani kama angenikasirikia ningeondoka na hadithi yangu nzima. Lakini alikubali. Alimhukumu mume wake aliyekufa kwa ushahidi wangu, na sikuweza kulistahimili.

Nikamwambia sivyo. Nikamwambia nilijua. Mimi ni mtoto wa Unguja, neno lile nimelisikia likisemwa mlangoni tangu sijaota meno ya pili. Anapokuja mtu ameshika kanga kichwani, akasema fulani kapumzika, hakuna anayeuliza kama amelala. Nilipoiona ile karatasi nilijua kabla sijafika kwenye jina la Suleiman. Lakini msiba unataka jamvi, unataka wanawake wa kukushika mabega, na mimi nilikuwa ndani ya chombo cha Waingereza, mbele ya nchi nisiyoruhusiwa kuikanyaga. Kama ningekubali pale, ningelilia wapi? Kwa hiyo nikamuuliza Jayanti kama habari ni njema, na nilimuuliza kwa namna ambayo mtu mwenye huruma hana jibu lingine. Alinipa nililomwomba.

Na si hilo tu. Nilimwambia Kusum jambo ambalo sikuwahi kumwambia kiumbe. Siku ya vitumbua, kitundu cha hewa juu ya jiko kilikuwa wazi, na Jayanti na Bi Helen walikuwa wamekaa sitahani karibu nacho. Nilimsikia Jayanti akimwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu amekufa, kwamba kwetu husemwa hivyo. Bi Helen akauliza, mbona basi anapika na kucheka? Jayanti akasema, "Nimemwambia uongo. Nitamwambia kweli akimaliza kupika." Nami nikahakikisha kwamba simalizi. Vitumbua vilipokwisha nikaanza mikate, na baada ya mikate achari ya ndimu, kila siku kitu kipya, mpaka tukang'oa nanga, na kila alipokaa kwenye ngazi na kuvuta pumzi ya kusema nilimpa kitunguu akate. Nilikuwa nimempikia mama hitma yake na kuipeleka kwa watu wa dini zote, huku nacheka. Kibali nilikikataa kwa sababu kukikubali kungekuwa kukubali kifo. Arobaini sikuibiwa, niliiacha mwenyewe. Barua za Suleiman zilipokuja aibu ilikuwa kubwa kuliko mimi, ikataka mtu wa kuibeba, na mtu mwenyewe alikuwa tayari, ameshasimama mlangoni na soksi.

Birika lilikuwa limekwisha kuchemka zamani na kujizima. Sebuleni wanawake walikuwa wamefika mwisho wa wimbo. Kusum aliweka mikono juu ya meza.

"Na yeye alijua kwamba ulikuwa unajua?"

"Hapana. Sikumwambia."

"Mara tatu alikuja kwako."

"Mara tatu."

"Alipokuwa hospitali alikuwa bado anasikia," alisema Kusum. "Sauti ilikuwa imempotea, lakini ukisema neno anakubana mkono. Wiki iliyopita tu. Ijumaa alikuwa anasikia, Jumamosi alikuwa anasikia. Nilikupigia simu, Zuhura. Hukuipokea."

Ni kweli alipiga. Niliiona namba, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Basi mie unan'ambia ya nini?" alisema. "Kamwambie yeye."

Nililia. Nililia kwa sauti katika jiko lile lisilo na moto, kilio cha mama yangu na cha Jayanti vikitoka pamoja, vimechelewa vyote viwili, na nilipoinua mkono kumtafuta mtu wa kunishika, Kusum alikuwa amesimama, amerudi sebuleni kumwomboleza mume wake.